Miezi Mitano ya Kwihara

Tarehe 14 Machi 1872 Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la New York, alimuaga mmisionari na msafiri David Livingstone karibu na Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akashika njia ya pwani. Mpango wao ulikuwa mmoja tu: Stanley akifika Unguja atafute watu wa kuaminika, awape mishahara na mizigo, awapeleke Kwihara wamfuate mzee. Livingstone akarudi kwenye tembe. Siku tano baadaye akatimiza miaka 59. Kuanzia hapo mpaka katikati ya Agosti hakuwa na kazi kubwa zaidi ya kungoja.

Si kwamba alikaa bure. Alishona hema, aliandika barua, alitazama ndege na kuandika tabia zao, alitengeneza jibini la safari kwa maziwa ya ng'ombe, nalo likatoka na uchachu kidogo. Alipiga hesabu ya siku: Stanley atakuwa amefika wapi, watu watapatikana lini, watatembea kwa muda gani. Akimaliza hesabu anaianza upya. Siku moja ya Julai hakuwa na zaidi la kuandika ila kwamba amechoka, na neno hilo akaliandika mara mbili.

Na chini ya hesabu za siku kulikuwa na swali lililomtafuna kwa miaka. Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, alisimulia habari aliyoipata Misri juu ya chemchemi ambazo maji yake nusu yanakwenda kaskazini na nusu kusini. Livingstone aliamini kwamba chemchemi hizo ziko kweli, kwamba ni nne, kwamba ziko upande wa Katanga, na kwamba mto Lualaba alioufikia Nyangwe mwaka 1871 ndio Nile yenyewe inayoanza safari. Hakuwa ameziona. Alikuwa amesimuliwa tu. Pale Kwihara alilipindua jambo hilo usiku na mchana, akilinganisha habari za wenyeji na vitabu vya wazee wa kale, na mwishoni mwa Mei akakiri katika shajara yake hofu iliyomlemea: huenda maji aliyoyafuata miaka yote hiyo si Nile, ni Kongo.

Hofu ile ilikuwa sahihi. Lualaba ni Kongo, kama Stanley alivyokuja kuthibitisha mwaka 1877 kwa kuufuata mto mpaka Boma. Lakini Livingstone alipomaliza kuhofu alirudi palepale, kwenye chemchemi nne. Alikuwa na shaka ya kweli mkononi na hakuifanyia kitu.

Wafugaji wa Unyamwezi na Usukuma wanalijua vizuri tendo hili, ingawa wanaliona kwa ng'ombe. Jioni mnyama amelala chini ya mti, majani ya mchana yanapanda kooni, anayatafuna tena, anayameza, yanapanda tena. Huko ndiko kucheua. Kwa ng'ombe kuna faida, maana kila mzunguko majani yanalainika na kuwa chakula. Binadamu naye hucheua, ila majani yake mara nyingi hutoka kama yalivyoingia. Lugha yenyewe imeshaona tofauti hiyo. Ukimwambia mtu wa Tabora kwamba fulani ana mawazo, hatauliza fulani amegundua nini. Atauliza amepatwa na nini. Na wahenga, waliosema kwamba akili nyingi huondoa maarifa, hawakuwa wakiwasifu wavivu wa kufikiri.

Wataalamu wa saikolojia walichelewa kulifikia jambo hili, lakini walipolifikia walilipima. Susan Nolen-Hoeksema wa Marekani alikuwa na bahati ya ajabu, ikiwa tetemeko la ardhi linaweza kuitwa bahati. Oktoba 1989, wiki mbili kabla ya ardhi kutikisika kule California, alikuwa amewahoji wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford namna wanavyofanya wakiwa na huzuni. Baada ya tetemeko aliwarudia. Wale ambao tangu awali walikuwa na tabia ya kulicheua kila jambo ndio waliokuwa na huzuni nzito zaidi wiki kadhaa baadaye. Mwaka 1995, yeye na Sonja Lyubomirsky walikwenda hatua nyingine. Waliwachukua watu wenye huzuni, wengine wakaambiwa watafakari hali zao kwa dakika 8, wengine wakapewa mambo ya nje ya kuwaza. Kisha wote wakapewa matatizo ya kawaida ya maisha wayatatue. Dakika 8 zilitosha: waliojitafakari walitoa majawabu hafifu. Waliopumzishwa mawazo, ingawa nao walikuwa na huzuni ileile, walifanya vizuri kama watu wasio na huzuni.

Uchunguzi uliofuata, wa mwaka 2003, uligusa mahali penyewe alipokwama Livingstone. Mwenye tabia ya kucheua, hata akipata mpango mzuri, huuamini kidogo na huomba muda zaidi wa kufikiri. Kwa hiyo tatizo si ukosefu wa akili tu. Mguu wenyewe hauinuki.

Kama kuna mji katika Afrika Mashariki uliofundisha watu kungoja, ni Tabora. Inasimuliwa kwamba jina lenyewe limetokana na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa, chakula cha kuwekea akiba. Wafanyabiashara wa Kiarabu walioweka makao hapo katikati ya karne ya 19 walipaita Kazeh, na nchi yote ya kando waliijua kwa jina la Unyanyembe. Hapo njia ya Bagamoyo iligawanyika: moja kwenda Ujiji, moja kwenda Karagwe na Buganda, nyingine kusini. Msafara ukifika, baada ya miezi mitatu hivi kutoka pwani, wapagazi wengi walitua mizigo na mkataba ulikuwa umekwisha. Wanyamwezi walikuwa nyumbani. Kama mvua imekaribia walikwenda kulima, na tajiri mwenye marobota ya merikani na kaniki, shanga na masango ya waya alibaki akiyatazama. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Asiye na vichwa vya kubeba alikuwa na mali isiyotembea.

Basi walikaa barazani. Wengine walicheza bao, wengine waliugua homa, wengine waliwaza.

Richard Burton na John Speke walifika Kazeh Novemba 1857 wakiwa na ramani ya wamisionari iliyochora ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono asiye na gamba, likichukua sehemu kubwa ya bara. Mwenyeji wao Snay bin Amir aliwapa jibu akiwa ameketi kwake: si ziwa moja, ni maziwa matatu, na kila moja lina njia yake. Mwaka uliofuata, waliporudi kutoka Ujiji wakiwa wagonjwa, Burton alibaki Kazeh kuandika misamiati na desturi, Speke akaenda kaskazini kuangalia ziwa la upande huo. Alitoka Julai, na tarehe 3 Agosti 1858 alilitazama ziwa la Nyanza, yaani Viktoria, akiwa upande wa Mwanza. Aliona maji kidogo tu, akatangaza kwamba hapo ndipo Nile inapoanzia. Ilikuwa kweli, lakini ushahidi wake ulikuwa mwembamba, na Burton alimsumbua kwa hilo mpaka Speke alipofariki mwaka 1864. Kutembea upesi nako kuna hatari zake. Speke asichukuliwe kuwa mfano wa kila kitu.

Stanley alipokwama yeye, Juni 1871, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, tatizo lilikuwa na jina: Mirambo. Mtemi huyo wa Urambo alikuwa amefunga njia ya Ujiji. Waarabu wa Tabora walifanya vikao, wakala pilau, wakakubaliana kwamba Mirambo atapigwa kwa siku chache, na Stanley akajiunga nao. Agosti walikwenda, wakateka boma moja, kisha wakavamiwa njiani wakirudi na nyara. Jeshi lote likakimbia. Tarehe 22 Agosti Mirambo akaingia Tabora yenyewe, akauchoma mji kwa sehemu, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa hapo, akauawa akijaribu kumzuia.

Hapo Stanley, akiwa na homa ndani ya tembe ya Kwihara na matundu ya bunduki yametobolewa ukutani, alikuwa na kila sababu ya kucheua. Nani alimsaliti? Kwa nini watu wake walimkimbia? Mwenye gazeti lake New York atasema nini? Maswali hayo aliyauliza, na shajara zake zimejaa manung'uniko dhidi ya kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Lakini katikati ya manung'uniko alibadilisha swali. Waarabu waliendelea kuuliza namna ya kumshinda Mirambo. Yeye akauliza namna ya kufika Ujiji, na hilo ni swali jingine kabisa. Tarehe 20 Septemba aliondoka kwa njia ya kusini, kupitia Ugunda na Ukonongo, akazunguka nchi ya Mirambo na kurudi juu mpaka mto Malagarasi. Huko Uha alitozwa hongo mara baada ya mara. (Neno hilo siku hizi limebaki na maana ya rushwa tu, wakati ule lilikuwa ushuru wa njia, na mtemi aliudai mchana kweupe.) Alipoambiwa kwamba mbele kuna wadai wengine bado, hakukaa kulaani. Aliuliza kama kuna mtu anayejua njia ya porini, akampata, akamlipa, na usiku wa manane msafara ukatoka kimya kwa vikundi vidogo. Siku chache baadaye alikuwa Ujiji akivua kofia mbele ya Livingstone.

Stanley hakuwa na akili kumzidi Livingstone, na kwa tabia alikuwa mtu mgumu, mwepesi wa kiboko. Tofauti iko kwenye namna ya swali. Edward Watkins wa Uingereza, pamoja na Michelle Moulds, walionyesha mwaka 2005 kwamba watu wenye sonona wakiwaza hali yao kwa maswali ya jumla, ya kwa nini na ya maana yake nini, hushindwa kutatua matatizo. Wakiiwaza hali ileile kwa vipande vinavyoshikika, kimoja baada ya kingine, uwezo wao hupanda. Kumbe si lazima mtu aache kuwaza. Anaweza kuwaza jambo lilelile kwa mlango mwingine.

Tumtendee haki mzee wa Kwihara. Livingstone alijaribu kulipima jambo lake kwa mguu. Huko Nyangwe alikaa miezi akitafuta mitumbwi ya kuufuata Lualaba, akanyimwa. Kisha tarehe 15 Julai 1871 akayaona kwa macho yake mauaji ya sokoni, wanawake wakipigwa risasi na watu wa wafanyabiashara na wengine wakizama mtoni, na picha hiyo haikumtoka tena. Mtu aliyeona hayo, aliyeibiwa dawa zake, aliyekwisha kusoma Biblia nzima mara nne akiwa mgonjwa Manyema, hawezi kulaumiwa kwa kushikilia wazo moja kama mtu anayezama anavyoshikilia gogo. Wapagazi 57 walipofika tarehe 14 Agosti 1872, chini ya uongozi wa Manwa Sera, aliwapokea kwa shukrani, na tarehe 25 akaondoka. Hakwenda Nyangwe kuufuata mto, mahali ambapo shaka yake ingepata jibu. Alikwenda kusini, kwenye mabwawa ya Bangweulu, katika msimu wa mvua, kuzitafuta chemchemi nne. Alifariki kijijini kwa Chitambo siku za mwanzo za Mei 1873, amepiga magoti kando ya kitanda.

Sasa tatizo likawa la watu wengine.

Ni alfajiri, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wapatao 60 wana safari ya zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu mpaka baharini, tajiri wao amekufa, na kwa desturi za njia mgeni akifia kwa mtemi huenda wenzake wakatozwa faini ya kuwaacha hawana kitu. Waliitana. Neno lao lilikuwa shauri, neno zuri ambalo kwa Kiswahili ni kikao, ni ushauri, na ni tatizo lenyewe pia. Waliwapa uongozi Abdullah Susi na James Chuma, waliokuwa na Livingstone kwa miaka mingi. Jacob Wainwright, aliyesoma shule ya wamisionari huko Nasik, India, akaorodhesha kila kilichokuwa kwenye masanduku. Wakaamua kwamba mwili utarudi kwao. Yeyote aliyewahi kutembea njia ile angesema haiwezekani, nao walikuwa wameitembea.

Lakini tazama walivyoligawa jambo. Mwili utaoza: Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja na kuona maiti zikipasuliwa, akautoa matumbo na moyo, vikazikwa chini ya mti, na Jacob akachonga jina kwenye gome. Chumvi ilikuwepo kidogo, ikatiwa. Mwili ukaanikwa juani siku 14, ukigeuzwa kila siku. Utakuwa mrefu kubeba: wakaikunja miguu magotini. Utaonekana: wakabandua gome la mti likiwa zima kama bomba, wakauingiza ndani, wakauzungushia turubai, wakaufunga kwenye mti wa kubebwa na watu wawili. Hakuna aliyeuliza kwa nini mzee alikufa kabla ya kuziona chemchemi.

Oktoba 1873 Chuma alitangulia Kwihara na barua ya Jacob. Palepale alipongojea Livingstone, sasa alikuwepo Verney Lovett Cameron, afisa wa jeshi la maji la Uingereza aliyetumwa kumsaidia mtu aliyekwisha kufa. Cameron na wenzake walikuwa taabani kwa homa na macho. Aliwashauri wamzike hapo Unyanyembe. Mbele kuna hatari, alisema. Alikuwa mkubwa wao kwa cheo na kwa rangi, kama dunia ya siku hizo ilivyohesabu. Walimsikiliza, wakakataa.

Hatari ilikuwa ya kweli. Siku chache mashariki ya Tabora, huko Kasekera, habari zilitapakaa kwamba msafara umebeba maiti, na wenyeji wakasema haitapita katika nchi yao. Msafara wa kawaida hapo ungekuwa na njia mbili, kulipa au kupigana. Susi na Chuma waliona ya tatu. Waliwaambia watu kwamba wamekubali: mwili unarudi Unyanyembe ukazikwe. Usiku, ndani ya kibanda, wakaufungua, gome wakalitupa kichakani, na mwili wenyewe wakaufunga upya ukawa robota fupi la nguo, sawa na marobota mengine ya msafara. Kisha wakakata mabua ya mtama kwa urefu wa mtu, wakayafunga pamoja, wakayavisha sanda ya kitambaa mpaka yakawa maiti. Hata barua hawakuisahau. Wakakunja karatasi, wakaipachika kwenye kijiti kilichopasuliwa, kama watarishi wa njia walivyobeba barua, na watu sita wakautwaa mzigo wa mabua kwa nyuso za msiba, wakashika njia ya Unyanyembe huku wenyeji wakiwatazama kwa nafuu.

Jua lilipozama, wale sita wakiwa wamefika mbali, walianza kuchomoa bua mojamoja na kulitupa porini, mahali tofautitofauti, lisije likaonekana rundo. Mabua yalipokwisha wakatupa vitambaa. Kisha wakaachana, wakaingia msituni mmoja mmoja, wakarudi kwa njia tofauti kwa wenzao. Robota fupi likapita Kasekera kama mzigo mwingine wowote, bila mtu kulishuku.

Kila kipande cha ujanja ule kilijibu swali dogo. Wenyeji wanaogopa nini? Kuona maiti ikipita. Basi waione ikirudi. Maiti inatambulikaje? Kwa urefu. Basi kirefu kiwe mabua, na kifupi kiwe mzee. Mawazo ya namna hiyo hayapandi kooni mara mbili.

Njia ileile ya kuligawa tatizo ilionekana tena kule Harare, Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Bibi hamwambii mgonjwa aache kuwaza. Anamwomba ayataje matatizo yake yote, achague moja, kisha wapange pamoja hatua atakayoanza nayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye wagonjwa 573, ulionyesha kwamba waliokaa na bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Chuma na Susi wasingeona kitu kipya hapo. Lilikuwa shauri, ila kwenye benchi.

Mwili ulifika Bagamoyo Februari 1874 na kuzikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili. Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyesafirishwa nao. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamepita, na huko wakakaa na mhariri Horace Waller wakimsimulia siku baada ya siku, kambi baada ya kambi, mambo ambayo shajara ya marehemu haikuweza kuyajua. Chama cha Kifalme cha Jiografia kiliagiza medali 60 za fedha kwa ajili ya wapagazi. Zilipofika Unguja wenyewe walikuwa wametawanyika. Manwa Sera alikuwa ameshaondoka Bagamoyo tangu Novemba 1874 na Stanley, akiwa mkuu wa watu wake, kwenye msafara uliokwenda kuufuata Lualaba mpaka mwisho.